Ngazi za Mwanangu Zimefunguliwa Vyuma

Mwenzangu, umewahi kunyoosha mkono ushike kitu unachokishika kila siku, ukashika hewa?

Nakuandikia kwa haraka. Nikikosea herufi nivumilie.

Unazijua ngazi za mwanangu msanifu majengo, zile mbao zilizochomekwa ukutani, katikati unaona hadi chini. Asubuhi hii nashuka na kikombe changu. Nafika ubao wa tisa, napapasa vyuma vya kushikilia. Havipo! Havipo kabisa!

Nikakaa kitako palepale. Kikombe nikakisikia kikipasuka huko chini.

Kumbe vimefunguliwa ili jarida lipige picha. Mwanangu amesimama chini na mpiga picha, ananiambia, "Mama, tulia hapohapo, picha mbili tu, fundi atavirudisha."

Picha mbili! Nikamwambia, "Baba, hizo utazitumia msibani kwangu."

Aliyepanda ni mkwe wangu, na tumbo lake la miezi minane, ameubana ukuta. Namlilia arudi, hasikii. Tukashuka kwa makalio, ubao mmoja mmoja, tumeshikana.

Tulipokanyaga sakafu akamgeukia mumewe. Yule mkwe wangu mkimya, unamjua. Akasema, "Tangu tuhamie naziogopa ngazi hizi. Nataka nyumba isiyo na ghorofa."