Taa za Gari la Tumba

Mjukuu wangu Neema,

Hapa Tumba hatujambo. Mguu wa bibi yako umepata nafuu, na shangazi yako amejifungua salama. Umeniuliza kwa nini lile gari la Kimarekani nimelibadilishia injini na breki, lakini kiti cha abiria nimekiacha vilevile, kimechanika.

Nilipokuwa kijana nililinunua likiwa bovu kwa mjane mmoja, Bi Ingrid. Mumewe alikuwa akilitengeneza, akafariki kabla halijawaka. Alasiri moja Bi Ingrid alikuja gereji kwangu kuliona. Nilikuwa nimeshalifungua, betri ilikuwa juu ya meza, nyaya zinaning'inia.

Akaketi kwenye kiti kile, akafunga mlango, akasema taratibu, "Nimekuja, mume wangu."

Taa za mbele zikawaka.

Nilibaki nimeshika spana, nikaitazama betri pale mezani. Yeye hakushtuka. Alipapasa dashibodi kama anayembembeleza mtoto, akasema, "Inatosha. Mwachie kijana huyu amalizie."

Taa zikafifia, zikazimika.

Nililimaliza, mjukuu wangu, na linakwenda vizuri. Lakini mpaka leo, kabla sijafungua mlango wake, huwa napiga hodi.

Akupendaye,
Babu Elia