Arubuni Iliyorudi kwa Jembe

Mjukuu wangu Mwende,

Huku Kathiani tuko salama. Babu yako bado anagombana na majogoo, na maharagwe yametoa maua.

Umeniuliza kama unyamaze tu, kwa aibu ya kulipia nyumba ya likizo ambayo haikuwepo. Hata mimi niliwahi kuliwa hivyo, nikiwa msichana. Kikundi chetu cha mwethya, cha kusaidiana kulima kwa zamu, kilijinyima ili tukaone bahari. Tukampa kijana wa kijiji jirani arubuni ya nyumba Mombasa. Tulipofika, mwenye nyumba hakutujua. Ya safari ya kurudi tuyaache.

Kijana alijificha, lakini kwao tulipajua. Asubuhi moja tuliingia shamba la mamake na majembe, wanawake kumi na wawili, tukalima tukiimba. Mama akatuletea uji, amefurahi mno.

"Nani amewatuma, wanangu?"

"Kijana wako amekalia arubuni yetu," nikamjibu. "Tutakulimia mpaka airudishe."

Aliweka kibuyu chini, akatoka. Kabla hatujamaliza tuta la tatu alirudi akimsukuma kijana mbele yake, pesa zetu mkononi. Zote!

Polisi umeshawaambia. Sasa waambie na watu. Sisi tungenyamaza, tungekuwa tumenyamaza hadi leo.

Mwaka uliofuata tulienda Mombasa. Ile picha ukutani kwangu, yule mama anayecheka ndani ya maji, viatu mkononi, ambaye huwa unauliza ni nani? Ni mamake yule kijana. Nauli tulimlipia sisi.

Ni mimi susu yako, na jembe bado ninalo.