Waipa na Maji Baridi

Nasser, mie leo naua mtu. Naua!

Tumetoka Kawe na boti, mama mkwe wangu yumo na kanga zake mpya. Wimbi likapiga kioo, sioni mbele. Nawasha waipa, zikalia kwiii, zikaganda katikati. Kutu na chumvi tupu!

Nimeendesha kichwa kiko nje ya dirisha mpaka Msasani, macho yanawaka. Nusura nigonge ngalawa ya watu.

Nikamvaa shemeji Twaha: si nilikwambia kila tukirudi uoshe waipa kwa maji baridi?

"Naoshaga, shemeji. Kila siku."

Maji gani?

"Si haya haya ya baharini. Natiaga na barafu."

BARAFU, Nasser! Mie nikisema maji baridi nina maana ya bomba, yasiyo na chumvi. Yeye kaenda kuipoza bahari!

Nafungua mdomo nimtukane, mama mkwe, kalowa chapachapa, akaniwahi: "Mwanangu unamwonea. Ulisema baridi, katia barafu. Kosa lake nini?"

Nimefika nyumbani koo limekauka, namwomba mke wangu maji baridi. Anacheka: "Ya bomba au ya barafu?"

Keshapigiwa simu na mama yake.