Mashavu ya Mwanao

Chumba cha uani,
nyuma ya duka la rangi.
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa Dada Mashavu,

Shikamoo dada. Hujambo huko? Mgongo umeacha kukusumbua? Na shemeji, bado anakoroma mpaka majirani wanagonga ukuta? Sisi tupo, cherehani haipoi kwa sare za shule.

Sasa nikwambie la mwanao, huyu niliyemzaa mimi. Mwezi uliopita alianza kuvimba macho kila akiamka, halafu miguu, hadi viatu vikamkataa. Hospitali wakasema figo zake zinavujisha protini kwenye mkojo, wakampa vidonge vya steroidi. Daktari, mama mmoja mpole, hakunificha kitu. Vitazuia kule kuvuja, lakini uso utajaa, atakuwa na njaa na hasira, magonjwa yatamshika upesi, na akivitumia muda mrefu huenda asirefuke sana. Akanionya nisimkatishe dawa ghafla.

Leo ni wiki ya tatu. Miguu imenywea, ila mashavu ni puto. Anakula, anaomba tena. Jana nikamuuliza, "Wewe si umeshiba?" Akasema, "Tumbo limeshiba, mdomo bado." Nilicheka, kisha nikakukumbuka.

Unakumbuka vidonge vyako vya pumu? Mama akivisaga kwa mgongo wa kijiko, wewe umekunja uso, mimi nalia kwa nini sipewi. Kwenye sinia mkono wako ulikuwa unafika kabla ya yetu. Kaka ndiye aliyekubandika hilo jina la Mashavu. Nyumba ile ilikuwa na kelele, dada. Naitamani mpaka leo.

Nakumbuka pia Mama alivyochoshwa na maneno ya watu juu ya uso wako, akavificha vidonge kabatini chini ya mashuka. Siku ya nne ukalegea, pumzi ikawa haba, Baba akakubeba mgongoni mpaka hospitali. Nilimlaumu Mama miaka mingi. Juzi watoto wa jirani walimwita mwanao Puto, akajifungia ndani. Nami nikajikuta nimesimama mbele ya pipa la taka, chupa ya vidonge mkononi.

Sikuitupa. Nilirudi nikampa dawa, nikakaa naye. Kila asubuhi nachovya kijiti cha kupima protini kwenye mkojo wake. Mwanzo kilikuwa kinageuka kijani kabisa, yaani protini inavuja. Leo ni siku ya tatu mfululizo kimebaki njano. Hali ikiendelea hivi, daktari atapunguza dozi pole pole. Najua wewe mpaka leo unanifika begani, na hilo naliwaza sana. Lakini kwanza nataka awepo wa kupimwa urefu.

Nisalimie shemeji na wanao wote, na Kaka ukimpigia simu. Mungu awafunike kwa kheri.

Nina ombi moja. Ile picha yako ya darasa la pili, mashavu yamefunga macho, nitumie. Na nyingine ya sasa. Nataka mwanao azione zote mbili kwa pamoja.

Mdogo wako akupendaye siku zote,
Kitindamimba