Gia Tuliyoiacha Nusu

Mzee Ambani,

Wameichukua mashine. Nakuambia mapema kwa sababu hukupenda mtu wa kuzungukazunguka na habari mbaya. Lori lilikuja jana asubuhi, likaipakia, likashika njia ya Kisumu. Mafundi tuliobaki hapa Lurambi tulisimama nje ya karakana yako tukilitazama, kisha kila mmoja akajifanya ana kazi.

Unakumbuka ilipoletwa? Wenye mashine walisema ni ya majaribio tu: ikipata kazi za kutosha inabaki Kakamega, isipopata inahamishwa. Mashine inayosoma mchoro kwenye kompyuta na kukata chuma yenyewe! Ulinawa mikono kabla ya kuigusa. Ukachinja ingokho, kuku mzima, ukasema mgeni ni mgeni, na firigisi, ambayo ni haki ya mkubwa, ukanipa mimi, mwanamke, mbele ya wanaume wote. "Huyu ndiye ataongeanga nayo," ukawaambia. Niliitafuna machozi yakinitoka, nikasingizia pilipili.

Halafu kiwanda cha sukari kikavunjikiwa na gia ya kinu. Zamani gia kama ile ingeagizwa ng'ambo, na miwa ya watu ingekauka ikiingojea. Safari hii walituletea sisi. Ulizunguka karakana nzima ukisema kwamba hii ikitoka vizuri, viwanda vyote vya magharibi vitakuja kwetu, na vijana wetu hawatakimbilia Nairobi tena. Tulikuwa tumeikata nusu, moyo wako uliposimama.

Desturi yetu mafundi wa hapa unaijua: mwenye karakana akifa, chuma hakigongwi mpaka azikwe na watu wanyolewe. Nyumbani kwako ngoma ya isukuti ilipigwa hadi wachezaji wakachoka. Karakana peke yake ndiyo iliyonyamaza. Meneja wa kiwanda alikuja matangani, akatupa pole, kisha akanivuta kando kwenye migomba akauliza habari za gia. Nikamwendea ndugu yako, Mzee Shitanda. "Mtu wetu amerara hapa," akaniambia, "na wewe unaniletea mambo ya mashini?"

Sikubishana naye. Tena hata mimi sikutaka kuingia mle nikute koti lako liko kwenye msumari na wewe hupo. Kwa hiyo tulikuheshimu, Mzee. Kiwanda kikaagiza ng'ambo, na tangu hapo vipuri vyake vyote kinanunua hukohuko. Wakulima ambao miwa yao iliharibika kando ya barabara hawakutulaumu. Wakipita hapa husema tu, poleni kwa msiba. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Kazi ndogondogo zilikuja, hazikutosha. Vijana wametawanyika. Mama Nafula, aliyekuwa akitupikia obusuma, ugali wetu, pale nje, amehamishia sufuria zake Shirere kwa wanafunzi, na analalamika kwamba hawali kama mafundi.

Najua wewe ungesemaje. "Mteja hangojangi, Ayuma." Siku uliyomzika mama yako mzazi, ulitoka kaburini na suti yako ukaja kukaza bolti za trekta la mtu. Kila mtu hapa aliliona jambo hilo, na hakuna aliyelitaja pale matangani. Mimi pia sikulitaja. Jeneza lako lilikuwa mbele yangu, Mzee.

Wenye mashine wamenitaka niifuate Kisumu. Nimekataa. Nitakereza vyuma kwa ile mashine yako ya zamani, na nitawasumbua mpaka watuletee nyingine. Unanijua nikianza kusumbua.

Na ahadi yangu ni hii. Nimeshawaambia wazee, Mzee Shitanda akiwepo, naye akainama: siku yangu ikifika, karakana isifungwe. Wamalize kwanza kazi ya mteja, ndipo waje kunililia.

Pumzika, Mzee wangu. Utusamehe kwa kukunyamazia.

Fundi wako,
Ayuma