Chupa Niliyoitupa Bila Kuimwaga

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Malaba. Tarehe 25 Machi 2024, saa nne na dakika kumi asubuhi.
Jina: Maggie Aboth. Umri: miaka 36. Kazi: nesi wa macho, Kituo cha Afya Jicho Jema. Makazi: Malaba, upande wa Uganda.

Mnamo tarehe 18 Machi 2024, saa mbili asubuhi, Hudson Odoi, fundi wa kuchomelea vyuma kutoka Kiyeyi, aliletwa kituoni kwetu kwa boda na mkewe, Taaka. Alikuwa amejifunika macho kwa leso. Nilipomfunua, kioo cha jicho la kulia kilikuwa cheupe na kimetoboka. La kushoto lilikuwa na kidonda. Hakulalamika maumivu. Hilo lilinishtua kuliko kidonda chenyewe.

Nilimuuliza anatumia nini. Alitoa mfukoni chupa ndogo. Alieleza kwamba alichomelea geti bila miwani, macho yakawa kama yana mchanga. Tangu hapo, yapata wiki mbili, alijitilia dawa hiyo kila yalipoanza kuuma, akaendelea na kazi.

"Iko mzuri, sista," aliniambia. "Nikitia, sisikii kitu. Usininyang'anye."

Ilikuwa dawa ya ganzi. Sisi hutia tone moja au mawili tu kabla ya kupima jicho. Mgonjwa hapewi aende nayo nyumbani, kwa sababu huzuia kidonda kupona, na mwenyewe hajui kwamba jicho linaharibika.

Kwenye chupa paliandikwa kwa kalamu: "Imefunguliwa 5/2." Ni mwandiko wangu.

Siku hiyo hiyo nilimpeleka kwa daktari wa macho Tororo. Jicho la kulia liliondolewa tarehe 19. Taaka aliniuliza kama la kushoto litabaki. Nilimwambia sijui. Tarehe 23 mgonjwa alirudishwa kulazwa kwetu.

Tarehe 20, saa moja na nusu asubuhi, nilimuuliza mfagizi wetu, Paddy, kuhusu chupa hiyo. Hakukana. Alisema aliiokota kwenye pipa la taka akamuuzia Hudson, jirani yake, aliyekuwa hapati usingizi kwa uchungu.

"Nilidhani namsaidia," alisema. "Na ni wewe ulitupa, sista."

Ni kweli. Chupa ikifikisha siku ishirini na nane tangu kufunguliwa, tunatakiwa kuimwaga kwanza, ndipo tuitupe. Tarehe 4 Machi foleni ilikuwa ndefu. Niliitupa ikiwa na dawa zaidi ya nusu.

Hapa afisa alinikumbusha kwamba maneno hayo yanaweza kutumika dhidi yangu, akaniuliza kama nataka yaandikwe. Nilisema yaandikwe.

Hayo ndiyo niliyoyaona na niliyoyafanya. Nimesomewa, nimeyakubali.

Sahihi: M. Aboth

Maelezo haya yameandikwa nami, Konstebo Matayo Wandera. Shahidi ameondoka saa tano kasoro dakika tano bila kumaliza chai aliyopewa. Amesema Odoi hutiwa dawa jicho la kushoto kila saa, na hataki saa tano impite.