Bahasha Niliyoiloweka

Mjukuu wangu Salma,

Asalaam aleikum. Sisi hapa Tanga wazima, ila bibi yako macho yamefifia, barua zako namsomea mimi. Amefurahi kusikia hoteli ya West Bay imekuthibitisha kazini.

Umeniuliza utajuaje kama stempu za zamani za Marekani ulizopewa na mgeni, zikiwa bado kwenye bahasha zake, ni adimu. Nitakueleza yaliyonipata hukohuko Doha, nilipokuwa dereva.

Nilikuwa na bahasha ambayo marehemu baba yangu, baharia, alimwandikia mama kutoka Marekani. Barua yenyewe ililiwa na mchwa. Bahasha ilikuwa na stempu maalumu ya barua za ndege, nami nilitaka kujua thamani yake. Nikailoweka, nikaibandua stempu. Wino ukachuruzika, bahasha ikachanika, nikaitupa.

Muuza stempu sokoni, mzee wa Kihindi, aliitazama kwa kioo cha kukuzia huku nikimweleza ilivyofika Tanga.

"Hizi zilichapwa nyingi mno," akasema. "Adimu ni iliyobaki kwenye bahasha yake, na mhuri wote wa posta, imeandikwa kwenda Tanga. Bahasha iko wapi?"

"Nimeitupa, mzee."

Alinirudishia stempu.

Nilikimbilia nilikopanga Umm Salal, nje ya Doha, nikakuta pipa la taka limeshamwagwa. Hatukuwa na mwandiko mwingine wa baba. Kila likizo mama aliniuliza kama bado ninaitunza bahasha yake. Nilimjibu ninayo, mpaka tukamzika.

Zako usizitie majini, hata zikiwa chafu. Soma kwanza nani alimwandikia nani.

Mungu akuhifadhi huko uliko.

Babu yako,
Mbwana